Njaa ya Mwalimu Breki

Mwalimu wa udereva hukaa kwenye kiti cha abiria, lakini yeye si abiria. Mguu wake unaishi juu ya breki ya pili, ile iliyofungwa upande wake ili imwokoe yeye, mwanafunzi, na mpita njia ambaye hana habari. Bwana mmoja aliyeifanya kazi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi aliitwa Mwalimu Breki. Jina alilipata kwa haki, maana neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko jina la mke wake.

Alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kumtukana mwanafunzi, hata yule aliyepandisha gari kwenye ngazi za duka la vitambaa kisha akamwuliza kama hapo panaruhusiwa kuegesha. Mwalimu alimjibu taratibu kwamba hapo hapaegeshwi, akamwelekeza namna ya kurudi kinyumenyume, akamwomba radhi mwenye duka. Hofu yote ya siku aliimeza kimyakimya. Na akishaimeza hofu, alimeza na vingine juu yake: karanga, biskuti, na mkate wa vipande aliouhifadhi chini ya kiti, kati ya kizima moto na tambara la kufutia vioo.

Mwili ukaitikia. Mke wake alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka kadhaa alimtanulia viuno vya suruali bila kusema neno. Kila mshono una akiba yake ya kitambaa kwa ndani, na yeye alikuwa anaila ile akiba kidogo kidogo. Siku akiba ilipokwisha, alimwekea suruali mezani.

"Baba watoto," alisema, "mimi nimefika mwisho. Kuanzia hapa ni kuunga kitambaa cha rangi nyingine."

Ndipo Mwalimu alipokwenda kliniki. Daktari alimpima, akamwambia presha imeanza kupanda na uzito hauna budi kupungua, akampa karatasi inayoeleza chakula kinachofaa na kisichofaa. Mwalimu aliisoma akiwa kwenye benchi la nje na hakukuta jambo ambalo hakulijua. Hakuna mtu mzima asiyejua kwamba biskuti si mboga. Alichotaka kujua yeye hakikuwemo: kwa nini mtu anayejua yote hayo anamaliza mkate mzima peke yake ndani ya gari? Alirudi mlangoni akamwuliza daktari. Daktari alimwambia apunguze mawazo. Basi akaondoka anawaza jinsi ya kupunguza mawazo, na hayo nayo yakawa mawazo mengine.

Wakati huo alikuwa na mwanafunzi mmoja aliyemzidi umri, mkunga mstaafu ambaye wote pale chuoni walimwita Mama Mkunga. Marehemu mumewe alimwachia gari, nalo lilikuwa linaota kutu uani kwa sababu watoto wote waliojua kuliendesha walishahamia mbali. Mama Mkunga akaapa kwamba halitaozea pale huku yeye ana mikono miwili. Alishashindwa mtihani wa barabarani mara mbili na hakuonekana kuona haya. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliisemesha injini. Wakipanda mlima, alikuwa akiinamia usukani na kuliambia gari, "Haya mama, sukuma. Pole pole. Vuta pumzi. Sukuma tena." Mwalimu alijaribu kumwachisha tabia hiyo, akashindwa, kisha akagundua kwamba gari lilikuwa linapanda vizuri zaidi likisemeshwa.

Asubuhi moja injini ilizimika katikati ya mlima, na nyuma yao kulikuwa na lori la mchanga. Walitoka salama, lakini walipofika mahali tambarare wote wawili walikuwa wanatoka jasho. Mwalimu akamwelekeza aegeshe. Kabla hajajua anachofanya, mkono wake ulikuwa umeshaingia chini ya kiti na kutoka na mkate.

Mama Mkunga naye alifungua mkoba, akatoa biskuti, akaiweka juu ya dashibodi. Lakini hakuila. Alitoa simu kwanza, akavaa miwani, akaanza kubonyeza kioo kwa kidole kimoja.

Mwalimu hakuweza kuvumilia. Alimwuliza kama anaiombea biskuti dua.

Mama Mkunga akamweleza. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na muuguzi mmoja waliyefanya kazi pamoja ndiye aliyemwekea programu hiyo kwenye simu. Unaandika unachokula, nayo inahesabu. Hilo halikuwa la ajabu. La ajabu ni kwamba kabla hujala, inakuuliza swali. Akamgeuzia simu ajionee. Programu ilikuwa imetengenezwa na watu wa mbali, na Kiswahili chake kilitafsiriwa na mashine. Juu ya kioo paliandikwa: *Je, una njaa, au unahisi hisia?*

Wakacheka mpaka gari likatikisika. Chini ya swali kulikuwa na vikaragosi vya nyuso: furaha, huzuni, hasira, woga, uchovu, na mwishoni uso mtupu usio na macho wala mdomo, ulioandikwa *nyingine*. Mama Mkunga alibonyeza woga, akaila biskuti nusu, nusu akairudisha kwenye mkoba.

"Inakukataza?" Mwalimu aliuliza.

"Haikatazi kitu. Inauliza tu. Lakini ukiulizwa, unaona haya kujibu ukiwa umejaza mdomo."

Kabla hawajaondoka pale, Mwalimu naye alikuwa ameshawekewa programu hiyo kwenye simu yake.

Wiki ya kwanza alidanganya. Alikula biskuti akaandika tango, alikula mkate akaandika tango jingine. Programu ikafurahi mno. Ilimrushia nyota na maandishi makubwa: *Hongera! Wewe ni shujaa wa matango.* Mama Mkunga alipoiona hiyo kwenye simu ya Mwalimu, hakucheka. Alimwambia amewapokea kina mama wengi waliomdanganya miezi ya mimba, na watoto walikuja siku zao zile zile, wala hawakujali kilichosemwa. Mficha uchi hazai, alimwambia, na mficha mkate hapungui. Mwalimu akaona aibu kidogo. Tangu siku hiyo akaanza kuandika ukweli.

Na jambo lisilotarajiwa likamtokea: alianza kuwa na hamu ya kujua. Hapo nyuma, kula kulikuwa jambo la kufanya na kulisahau haraka. Sasa alikuwa anajichungulia kama fundi anayesikiliza injini yenye mlio wa kigeni. Alijiona anakula akiwa amesimama. Alijiona anakula huku anasoma mabango ya barabarani. Wakati mwingine alikuta karanga ziko mdomoni wala hakumbuki zimepanda vipi. Njaa yenyewe, ile ya tumbo, aligundua alikuwa hajakutana nayo siku nyingi. Siku moja akaisubiri makusudi, kama mtu anayesubiri mgeni. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii ndicho alichokuwa anakitaka. Ilipofika, karibu na saa ya chakula cha mchana, alifurahi kuitambua. Alirudi nyumbani akamsimulia mke wake kwa kirefu jinsi tumbo lilivyonguruma. Mke wake alimsikiliza, kisha akamwuliza kama yuko salama.

Programu ilikuwa na ukurasa mwingine, wa vijiti vya rangi vinavyoonyesha siku ulizokula sana na siku ulizokula kidogo. Mwalimu alijua vitasema nini. Alikuwa na hakika kwamba vijiti virefu vitaangukia siku za wanafunzi wabaya, hasa siku za kijana mmoja mwuza nyama ambaye aliendesha kama mtu anayefukuzwa na wenye ng'ombe. Vilipokuwa vya kutosha kutazamwa, alikuta siku za mwuza nyama ni za kawaida kabisa. Vijiti virefu vilisimama siku za mtihani.

Hilo nalo aliliona la haki. Nani asiyekuwa na wasiwasi siku ya mtihani? Lakini alipotazama vizuri, alikuta kwamba asubuhi ya mtihani hakula kitu. Alikula baadaye, yote yakiwa yamekwisha. Na kulikuwa na siku moja ya mtihani ambayo wanafunzi wake wote walianguka, akiwemo Mama Mkunga. Siku hiyo kijiti kilikuwa kifupi kuliko vyote.

Aliinua simu, akaigeuza juu chini, kana kwamba ingesema vingine. Kisha akampelekea mke wake kwenye chumba cha kushonea.

"Nakula wakifaulu," alisema.

Mke wake alisema ni kawaida, mtu akifurahi hula. Hata harusini watu hula. Mwalimu akamwuliza kama ameshaona harusi ya mtu mmoja, ndani ya gari lililoegeshwa, na mkate mkavu. Mke wake akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Sindano ikiwa bado hewani, akasema hiyo haijui, lakini angependa kuijua.

Mtihani uliofuata, mwuza nyama alifaulu. Hata mtahini alionekana kushangaa. Kijana alishuka kwenye gari na karatasi mkononi, akawarukia kaka zake waliokuwa wanamngoja getini, wakambeba juu juu wakaondoka naye wakipiga mbinja. Alipofika mbali alikumbuka, akageuka, akapunga mkono. Mwalimu naye akapunga. Kisha akaingia ndani ya gari, safari hii upande wa usukani, ili alirudishe chuoni.

Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, jinsi kijana alivyopenda. Kioo cha katikati kilielekea mahali yalipokuwa macho yake. Mwalimu alikaa, magoti yakigusa usukani, na mkono ukaenda wenyewe kutafuta mkate. Simu ikauliza swali lake.

Aliangalia zile nyuso moja moja. Furaha ilikuwepo, hakuweza kukana, kijana alikuwa amejitahidi. Lakini furaha haikuwa na mkono wa kutafuta mkate. Huzuni? Hakuna aliyefiwa. Woga? Hatari yenyewe ilikuwa imeshashuka na kubebwa na kaka zake. Alibaki na kidole hewani. Mwisho akabonyeza ule uso mtupu. Kikatokea kisanduku cha kuandikia. Akaandika: *Amefaulu, ameondoka, na kioo bado kinamtazama yeye.*

Programu ikafikiri kidogo, ikajibu: *Samahani, hisia hii haijapatikana. Tafadhali jaribu tena.*

Mwalimu alicheka peke yake. Mkate aliula, lakini hakuumaliza, kwa sababu akili ilikuwa kwingine.

Somo lililofuata na Mama Mkunga, alimweleza yote. Walikuwa wamesimama kwenye taa nyekundu. Alitegemea kwamba mama huyo atacheka, au atamletea methali. Badala yake alishika usukani kwa mikono yote miwili, macho mbele.

"Mimi nilikuwa nakunywa chai," alisema. "Sukari nyingi, na mkate. Kila baada ya kuzalisha. Si wakati wa uchungu, hapana. Baada ya hapo. Mtoto akishalia, chumba kizima kinamgeukia mtoto. Bibi anataka kumbeba, baba anapiga simu. Hakuna anayemkumbuka mkunga, na si vibaya, ndivyo inavyotakiwa. Wewe unabaki na mabeseni. Nikishayaosha, naenda kunywa chai. Nilidhani ni uchovu."

"Kumbe ilikuwa nini?"

"Sijui, Mwalimu. Nilistaafu kabla sijajiuliza."

Taa ilikuwa imeshageuka kijani na nyuma yao watu walikuwa wanapiga honi. Mama Mkunga alitia gia, akaliambia gari lisukume.

Neno hilo lilimkaa Mwalimu. Aliwafikiria watu wote aliowahi kuwafundisha, na akatambua kwamba kila mmoja wao alimjua mpaka siku ya kufaulu, baada ya hapo hakuna. Ilikuwa kama kusoma vitabu vingi na kuvifunga vyote ukurasa ule ule. Je, waliishia wapi? Wanaendeshaje? Kuuliza si ujinga, alijiambia, na siku ya mtihani iliyofuata, mwanafunzi mwingine alipofaulu na kupotelea getini na wazazi wake, Mwalimu hakungojea mkono uende chini ya kiti. Alitafuta kwenye simu namba ya binti mmoja wa zamani, aliyekuwa analia kila wakikaribia mzunguko wa barabara.

Binti alipoona jina lake alishtuka, akadhani leseni ina matatizo. Mwalimu alimwambia leseni haina neno. Alitaka tu kujua mzunguko unaendaje siku hizi.

Kumbe siku hizi alikuwa anaendesha gari la wagonjwa. Alimweleza jinsi magari mengine yanavyompisha, na yapi hayampishi hata king'ora kikilia. Alimwambia kwamba hadi leo akifika mzunguko hujisemea moyoni maneno yake: tazama, subiri, ingia. Mwalimu alimwuliza maswali mpaka binti akaitwa kazini. Kisha akawasha gari akarudi chuoni. Jioni simu ilimtumia ujumbe: *Je, umesahau kula?* Alikuwa amesahau.

Mke wake alifurahi kusikia, akasema basi dawa imepatikana. Haikuwa hivyo. Wiki iliyofuata alimpigia mzee mmoja aliyemfundisha kwa taabu kubwa, na mzee akamwambia kwamba alipata leseni, aliendesha mara chache, akaogopa, akaliuza gari, sasa anatembea kwa miguu na ana amani. Walizungumza vizuri, wakaagana vizuri. Mwalimu alipokata simu alikula karanga mfuko mzima. Lakini hata hilo aliliandika, na kwenye ule uso mtupu akaongeza maelezo marefu, ingawa alijua mashine haitayaelewa. Alikuwa ameanza kupenda kuandika humo. Aliandika jinsi kila njaa ilivyokuwa, ya leo na ya jana, na hazikufanana.

Mtihani wa nne wa Mama Mkunga ukafika. Mwalimu alikuwa ameshamwambia mke wake nyumbani kwamba mama huyu atafaulu, na kwamba anataka kuona mkono wake mwenyewe utafanya nini. Alisimama kando ya ukuta wa uwanja wa mitihani akiangalia gari likizunguka, likirudi kinyumenyume kati ya nguzo bila kugusa hata moja. Kwa mbali aliona midomo ya Mama Mkunga ikienda, na mtahini akimtazama kwa jicho la pembeni.

Alifaulu. Watoto wake walikuwa mbali na hakukuwa na mtu getini. Alikuja moja kwa moja na karatasi yake mpaka kwenye gari la chuo, akafungua mlango, akaketi.

"Haya," alisema. "Una njaa?"

 Mwalimu alijisikiliza, kwanza tumbo, kisha kifua, kisha koo.

"Tumbo halina," alisema. "Kuna kitu hapa juu, lakini si njaa. Nadhani nitakukosa, Mama."

Mama Mkunga alivua miwani, akaifuta na ncha ya kitenge, akaivaa tena. Akasema kitu hicho naye anacho, na kwamba kama angekuwa bado kazini, hiyo ndiyo ingekuwa saa ya chai.  Baadaye kidogo wakala kipande kimoja kimoja cha mkate, bila haraka, na Mwalimu akaandika kwenye simu: mkate, kipande kimoja, watu wawili.

Huo haukuwa mwisho wa mkate maishani mwake. Ila uzito ulianza kushuka, na presha ikatulia kiasi cha daktari kuridhika. Zipo wiki alizorudi nyuma, hasa kipindi shemeji yake mgonjwa alipohamia kwao, na wiki hizo alijifunza nyuso nyingine ambazo programu haikuwa nazo. Baadaye watengenezaji waliibadilisha. Lile swali likasahihishwa, likawa na Kiswahili fasaha, na zile nyuso zikawa wanyama. Mwalimu hakupenda wanyama. Aliitumia kidogo, kisha akaiacha, lakini kuuliza hakuacha, wala kuwapigia simu watu aliowafundisha. Mwuza nyama alimwalika aone gari jipya la kubebea nyama. Yule mzee wa miguu akawa rafiki yake, na Jumapili wakawa wanatembea pamoja.

Siku moja Mama Mkunga alikuja kumchukua nyumbani kwa gari la marehemu mumewe, lililokuwa limepigwa rangi upya. Alitaka kwenda kumtazama yule muuguzi aliyemwekea programu, na alisema hapendi kwenda peke yake. Mke wa Mwalimu akakaa nyuma, Mwalimu akakaa mbele. Waliipita barabara ile ile aliyofundishia watu kwa miaka yote. Kwenye kona, juu kidogo ya duka la dawa, aliona nyumba ya ghorofa yenye madirisha ya mviringo na roshani iliyojaa maua mekundu.

"Ile nyumba wameijenga lini?" aliuliza.

Mama Mkunga na mke wake walimtazama kwa pamoja. Nyumba hiyo, walimwambia, ilikuwepo kabla hata yeye Mwalimu hajapata leseni.

Mwalimu aligeuza shingo akaendelea kuitazama mpaka ikapotea. Kisha akauliza ni nani anakaa humo.